Siri ya Vita na Siri ya Bei: Boti za Msumbiji, Rada Yetu na Haki ya Kuuliza



Mzazi mmoja wa Pemba ametuletea swali ambalo tumeona lisijibiwe kwa mistari miwili. Anauliza: serikali ikinunua boti za doria au meli za kijeshi bila ya kutangaza zabuni, na ikaeleza kuwa ni suala la usalama wa taifa, je, Muislamu anaruhusiwa kuuliza bei? Au kuuliza huko ni kukosa utiifu kwa wenye mamlaka, na pengine kumsaidia adui? Anaongeza kwamba mwanawe ni mvuvi, hupiga dago kusini hadi karibu na mpaka wa Msumbiji, kwa hiyo boti za doria kwake ni vyombo anavyokutana navyo kazini.

Swali limetukuta Songea, makao makuu ya mkoa wa Ruvuma, mbali na bahari. Hata hivyo tumeliona ni pahala pazuri pa kulijibia. Kutoka hapa barabara moja inakwenda kusini hadi Daraja la Mkenda, na ng'ambo ya Mto Ruvuma ni jimbo la Niassa, Msumbiji. Nyingine inashuka magharibi kupitia Mbinga hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa. Upande wa kusini kuna nchi iliyoumizwa vibaya na boti zilizonunuliwa kwa siri. Upande wa magharibi kuna meli zilizojengwa ndani ya ziwa lenye mgogoro wa mpaka, na bei zake zikatajwa hadharani. Tutapita pande zote mbili.

Mlango wa usalama

Kwanza tueleze jambo lenyewe. Kanuni ya kawaida ya manunuzi ya umma ni kwamba serikali hutangaza inachokitaka, wauzaji wa ndani na wa nje huleta bei zao, na anayefaa hupewa kazi. Karibu kila nchi imeacha mlango pembeni ya kanuni hiyo: kitu kikigusa usalama wa taifa, hakilazimiki kutangazwa wala kushindaniwa. Umoja wa Ulaya umeuweka mlango huo katika kifungu cha 346 cha mkataba wake. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu manunuzi ya serikali unao pia. Sheria ya Marekani hairuhusu meli za jeshi la majini kujengwa katika viwanda vya nje, isipokuwa Rais aidhinishe. Katika Afrika Mashariki, Uganda na Kenya zimetumia utaratibu wa orodha mbili: vitu vya kawaida vya jeshi, kama chakula na magodoro, hushindaniwa kama vya wizara nyingine, na vitu nyeti huwekwa kwenye orodha ya pili.

Mlango huu una sababu zake, na hatuupingi. Hakuna mwenye akili anayetaka jeshi la nchi yake litangaze gazetini boti yake inaona umbali gani usiku, inabeba silaha gani, au injini yake inachoka baada ya saa ngapi. Ipo pia sababu ambayo wakubwa hawaisemi kwa sauti, nayo ni ajira. Nchi nyingi huufunga ushindani ili viwanda vyao vya meli visife, kwa sababu fundi wa meli ukimpoteza leo humpati tena kesho. Hiyo nayo ni hoja, bora isemwe kwa jina lake.

Tatizo ni kwamba neno "usalama" linavutika. Uingereza ilipotaka meli za kubebea mafuta na shehena za jeshi lake la majini, mwaka 2018 ilisema hizo si manowari, kwa hiyo viwanda vya nje vishindane. Mwaka 2019 ushindani ule ukasimamishwa. Mwaka 2020 serikali ikasema meli zile zile ni manowari. Chuma ni kile kile na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni jina, na jina ndilo linaloamua nani aruhusiwe kuleta bei. Uingereza ina bunge lenye kelele na magazeti yasiyolala, hivyo mabadiliko yale yalijadiliwa mchana kweupe. Je, jina likibadilishwa katika nchi ambayo bunge halikuambiwa kitu?

Kilichotokea ng'ambo ya Ruvuma

Mwaka 2013 Msumbiji ilikuwa imegundua gesi nyingi baharini, kwenye pwani ya Cabo Delgado. Ikaelezwa kwamba pwani hiyo ndefu inahitaji ulinzi: rada, boti za doria, ndege za uchunguzi. Haja hiyo ilikuwa ya kweli. Ikaundwa kampuni iliyoitwa ProIndicus, ikiwa chini ya vyombo vya usalama vya dola, na ikapewa kazi kampuni ya ujenzi wa meli ya Privinvest bila ya ushindani wowote. Baadaye mwaka huo huo ikaundwa EMATUM, ambayo kwa nje ilikuwa kampuni ya kuvua jodari. Mwaka 2014 ikaja ya tatu, MAM, ya kujenga na kutengeneza meli. Muuzaji wa zote tatu ni yule yule.

Fedha zilikopwa kutoka benki ya Credit Suisse na benki ya VTB ya Urusi. ProIndicus ilikopa dola milioni 622, EMATUM milioni 850, MAM milioni 535. Ukijumlisha unapata dola bilioni 2 na ushei. Mikopo yote ilidhaminiwa na serikali kwa saini ya waziri wa fedha wa wakati huo, Manuel Chang. Bunge halikuulizwa, ingawa dhamana zilivuka mbali kiwango kilichowekwa katika sheria ya bajeti. Mkopo wa EMATUM ulijulikana kwa sababu uliuzwa kama hatifungani. Mingine miwili ilifichwa hata kwa Mfuko wa Fedha wa Kimataifa, mpaka ilipofichuka Aprili 2016.

Ilipofichuka, Mfuko ukasimamisha fedha zake na wafadhili wakafuata. Sarafu ya nchi ikaporomoka, bei za vyakula vinavyoagizwa nje zikapanda, na Januari 2017 Msumbiji ikashindwa kulipa riba ya hatifungani yake. Riba tumeitaja, na hukumu yake kila msomaji wetu anaijua. Hapa tunazungumzia madhara yaliyozidi hata hiyo.

Kampuni ya wakaguzi ya Kroll iliajiriwa kupitia hesabu, na muhtasari wa ripoti yake ulitoka Juni 2017. Hapo ndipo penye jibu la mzazi wetu, kwa hiyo tupatazame vizuri. Wakaguzi walipotaka nyaraka, wahusika waliwanyima baadhi yake kwa maelezo kuwa ni siri za usalama wa dola. Wakaguzi wakafanya walichoweza: walimchukua mtaalamu wa meli, wakampa orodha ya vilivyonunuliwa, wakamwambia avipigie bei. Jawabu lake lilikuwa kwamba vitu vile vilizidishwa bei kwa takribani dola milioni 713. Boti moja ya uvuvi ya EMATUM, ambayo nchi ilitozwa zaidi ya dola milioni 22, yeye aliikadiria kuwa na thamani ya kama milioni 2. Na dola milioni 500 za mkopo wa EMATUM hazikupatiwa maelezo ya kuridhisha zilikokwenda.

Wavuvi wanaosoma haya wanajua bei ya chombo. Hawahitaji mkaguzi wa kimataifa kuwaambia kwamba boti ya kuvulia samaki haifiki dola milioni 22. Lakini bei ile haikuwahi kufika mbele ya mvuvi, wala mbunge, wala mshindani wa kibiashara ambaye angesema "mimi nitaiuza kwa nusu". Boti zilijengwa Cherbourg, Ufaransa, zikaletwa Maputo, na sehemu kubwa ya muda zikakaa zimefungwa gatini zikiota kutu.

Mahakama zilichukua muda mrefu. Mwaka 2021 Credit Suisse ilikubali kulipa karibu dola milioni 475 kwa wasimamizi wa Marekani na Uingereza, na kuisamehe Msumbiji dola milioni 200 za deni. Desemba 2022 mahakama ya Maputo iliwatia hatiani watu 11, akiwemo mtoto wa rais aliyekuwa madarakani wakati mikopo inachukuliwa, na aliyekuwa mkuu wa idara ya usalama, yaani yule yule ambaye muhuri wake ulikuwa unaifanya bei kuwa siri. Julai 2024 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba Privinvest ilimhonga waziri Chang, na kuiamuru iilipe Msumbiji mamia ya mamilioni ya dola. Agosti 2024 baraza la wazee wa mahakama mjini New York likamtia Chang hatiani, na Januari 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka minane na nusu. Kwa uadilifu tuseme pia kwamba mfanyakazi mmoja wa Privinvest aliyeshitakiwa New York aliachiwa huru mwaka 2019, na kampuni hiyo wakati wote imekana kosa.

Na pwani iliyosemwa kuwa inalindwa? Oktoba 2017, miezi michache baada ya muhtasari wa Kroll kutoka, mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa na kundi la wapiganaji. Agosti 2020 kundi hilo liliuteka mji pamoja na bandari yake, likakaa humo mwaka mzima mpaka majeshi ya Rwanda na Msumbiji yalipoukomboa. Watu wa pwani ile ni Waislamu wenzetu, wanazungumza Kimwani kilicho jirani mno na Kiswahili chetu. Maelfu walivuka mto kuja Mtwara. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, nacho kilishambuliwa. Hatusemi kwamba deni ndilo lililoleta vita. Sababu za vita ile ni nyingi na zina mizizi mirefu. Tunachokisema ni kidogo zaidi na kina ushahidi: nchi ilikopa dola bilioni 2 kwa jina la kulinda pwani, na siku pwani ilipohitaji kulindwa, ulinzi haukuwepo. Taasisi ya CIP ya Maputo na taasisi ya utafiti ya Chr. Michelsen ya Norway zilikadiria mwaka 2021 kwamba hasara ya kashfa hii kwa uchumi ilifikia dola bilioni 11, na kwamba karibu watu milioni 2 walisukumwa kwenye ufakiri.

Si Msumbiji peke yake

Kenya iliwahi kuonja. Katika mlolongo wa mikataba 18 iliyokuja kujulikana kwa jina la Anglo Leasing, yote ikiwa na muhuri wa usalama, kulikuwa na meli ya doria iliyoagizwa mwaka 2003 kutoka kampuni ya Euromarine kwa takribani shilingi bilioni 4.1 za Kenya. Meli ilijengwa Hispania. Malipo yalisimamishwa mwaka 2005 kashfa ilipolipuka, na meli ikabaki Hispania. Iliingia Mombasa mwaka 2012 kwa jina la KNS Jasiri. Kwa miaka yote hiyo, ambayo ni miaka ile ile ya maharamia wa Kisomali, jeshi la majini la Kenya lilikuwa na meli kwenye makaratasi tu. Tunaikumbusha hii kwa sababu wapo wanaodhani ushindani ndio unaochelewesha ulinzi.

Na sisi wenyewe tuna rada. Wengi wa wazee wetu wanaikumbuka. Mfumo wa kuongozea ndege ulinunuliwa kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, ukielezwa kuwa ni wa kiraia na wa kijeshi kwa pamoja. Benki ya Dunia na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga walisema ni ghali na haufai kwa haja yetu. Waziri wa Uingereza wa misaada, Clare Short, aliupinga waziwazi ndani ya baraza lake la mawaziri. Mwishowe ikabainika kwamba dola milioni 12.4 zilipitia kwa dalali. Desemba 2010 BAE ilikiri mahakamani London kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu, ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikatoa pauni milioni 29.5 kwa ajili ya Watanzania. Fedha hizo watu waliziita "chenji ya rada", na zikanunua vitabu na madawati. Mwanafunzi aliyekalia dawati lile alikuwa amekalia sehemu ya bei iliyozidishwa. Laiti bei ingeshindaniwa tangu mwanzo, dawati lisingehitaji kupitia mahakama ya London.

Dini inasemaje

Sisi si wenye kutoa fatwa. Masuala mazito huwa tunayarudisha kwa masheikh. Hata hivyo mambo tutakayoyataja yanajulikana na wanafunzi wa skuli za Qur'ani, na tumeyapanga tu kwa namna ya swali lililoulizwa.

Siri ya vita ina asili katika Sunna. Ka'b bin Malik (R.A.), katika hadithi yake ndefu iliyomo katika Sahihi mbili, ameeleza kuwa Mtume (S.A.W.) alipokusudia kwenda vitani aghlabu alikuwa akionesha kana kwamba anakwenda upande mwingine. Kwa hiyo anayesema kila kitu cha jeshi kianikwe, hana hoja kwetu. Lakini Ka'b huyo huyo anaeleza kuwa vita vya Tabuk havikufichwa. Safari ilikuwa ya mbali, jua lilikuwa kali na adui alikuwa mkubwa, basi watu wakaambiwa wazi wanakokwenda ili wajiandae. Na michango ya jeshi lile ililetwa mbele za watu, mchango wa Uthman (R.A.) unajulikana mpaka leo. Tunachokifahamu hapo ni kwamba siri huwekwa pale inapomdhuru adui. Huondolewa pale ambapo kuificha kunawadhuru wenye kubeba mzigo, na mzigo wa deni unabebwa na raia.

Jambo la pili ni ghululi, yaani kuchukua kwa hiana katika mali ya umma. Qur'ani imeikemea katika Suratu Aali Imraan. Kisa kinachofaa zaidi kwa swali letu ni cha yule mtumishi aliyeuawa kwa mshale baada ya Khaybar akiwa katika kazi ya kumtumikia Mtume (S.A.W.). Watu walimpongeza kwa shahada. Mtume akawaeleza kwamba nguo aliyoichukua katika ngawira kabla ya kugawanywa inamuwakia moto. Baada ya kusikia hivyo, mtu mmoja akaja na kamba ya kiatu aliyokuwa ameichukua. Tazama: mahala ni pa jeshi, kazi ni ya jeshi, na aliyekufa amekufa katika msafara wa jeshi. Hakuna kilichomkinga na hesabu ya nguo moja. Vipi basi muhuri wa "siri" uwe kinga ya dola milioni 713?

La tatu ni zawadi za wenye madaraka. Ibn al-Lutbiyya alitumwa kukusanya zaka, akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari, akauliza mbele za watu: kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi? Hakulimaliza jambo lile faraghani. Udalali wenyewe ni kazi halali kwa masharti yake, na mafuqahaa wameueleza. Ila malipo yanayokwenda kwa aliyetia saini kwa niaba ya umma hayaitwi udalali hata yakiandikwa hivyo kwenye mkataba.

Na utiifu? Utiifu kwa wenye mamlaka katika mema ni wajibu, na hatutaki msomaji yeyote atoke hapa akidhani tunahimiza fujo. Lakini Mtume (S.A.W.) ameiweka nasaha kwa viongozi ndani ya dini yenyewe. Tukumbuke pia namna Waislamu walivyoingia baharini mara ya kwanza. Wanahistoria wanasimulia kwamba Mu'awiya alimuomba Umar (R.A.) ruhusa ya kupigana kwa meli, Umar akakataa kwa kuwahofia watu. Uthman (R.A.) aliporuhusu, aliweka sharti kuwa asilazimishwe mtu kupanda, aende mwenye kutaka. Manowari za mwanzo za umma huu ziliundwa baada ya maswali, na kwa sharti lililowatazama watu wa kawaida.

Kwa hiyo jibu fupi kwa mzazi wetu ni kwamba kuuliza bei kunaruhusiwa, na kwa mwenye nafasi ya kuuliza, mfano mbunge, mwakilishi au mkaguzi, ni amana iliyo juu yake. Asichotakiwa mtu kukiuliza wala kukisambaza ni boti zinalala wapi, zinatoka saa ngapi, na zina silaha gani. Hili la pili tunalisisitiza kwa vijana wenye simu: kupiga picha chombo cha doria na kuirusha mtandaoni si ujasiri, na linaweza kumgharimu mvuvi wa watu.

Upande wa Ziwa Nyasa

Twende sasa Mbamba Bay. Ziwa Nyasa lina mgogoro wa mpaka wa tangu mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Malawi inasema ziwa ni lake mpaka ufukweni kwetu. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Mwaka 2012 mgogoro ulipamba moto kwa sababu ya utafutaji wa mafuta, hadi marais wastaafu wa kanda wakaombwa kusuluhisha. Kama kuna maji ambayo serikali ingeweza kusema "hapa kila chombo ni usalama, msituulize", ni haya.

Pamoja na hayo, Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari ilijenga humo meli tatu kwa mkataba uliojulikana, na mjenzi akawa kampuni ya kizalendo ya Songoro Marine ya Mwanza. MV Njombe na MV Ruvuma ni za mizigo, kila moja tani 1,000. MV Mbeya II inabeba abiria 200 na mizigo tani 200. Zote ziliundwa Kyela, na gharama yake kwa jumla, takribani shilingi bilioni 20, ilitajwa mbele za watu. Mwananchi wa Nyasa anaweza kulalamika kwamba meli haiji kwa ratiba, na wanalalamika kweli. Lakini analalamikia kitu anachokijua kimegharimu nini na nani amekijenga.

Tunajua pingamizi: hizo ni meli za kiraia, msizilinganishe na za vita. Ni kweli, na ndiyo maana hatujasema manowari zitangazwe kama hizo. Ila tukumbuke kwamba EMATUM nayo ilikuwa ya samaki, na Anglo Leasing ilibeba hata mkataba wa pasipoti. Hatari imekaa hapo mpakani, kwenye vitu vya kiraia vinavyopewa kofia ya kijeshi. Na kwa kuwa uchumi wa buluu sasa umekuwa wimbo wa kila siku visiwani, vitu vya mpakani vitazidi: boti za doria za uvuvi, rada za bandari, vyombo vya uokozi. Baada ya MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012, hakuna familia ya visiwani inayoweza kuambiwa kwamba chombo cha uokozi ni jambo lisilomhusu.

Wala tusidhani kwamba zabuni ni dawa ya kila ugonjwa. Kivuko cha MV Dar es Salaam kilipatikana kwa njia ya kawaida, na bado Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu alikuta hakifiki mwendo wa noti 20 uliotakiwa kwenye mkataba. Tofauti ni kwamba tulijua. Mkataba ulikuwa na noti 20, mkaguzi akapima, akaandika, na wabunge wakasoma. Kwa boti za ProIndicus hakukuwa na karatasi ya kulinganishia.

Uliza wapi, na uulize nini

Kwa wasomaji wetu wa Unguja na Pemba, ni vyema kutenganisha milango. Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hiyo meli za Kamandi ya Wanamaji ya JWTZ ni swali la mbunge wako aliyeko Dodoma, na Bunge lina kamati inayoshughulikia mambo ya nje, ulinzi na usalama, ambayo inaweza kukaa faraghani. KMKM ni idara maalum ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Boti zake ni swali la mwakilishi wako katika Baraza la Wawakilishi. Bara manunuzi yanaongozwa na Sheria Na. 10 ya 2023, Zanzibar na Sheria Na. 11 ya 2016, na kila upande una mdhibiti wake wa hesabu. Wakati mzuri ni kabla ya vikao vya bajeti, maana bajeti ikishapita swali hujibiwa kwa "tumelipokea".

Maswali yenyewe yasiwe marefu. Fedha ni za bajeti au ni mkopo? Kama ni mkopo, dhamana ameitia nani, na Bunge au Baraza limejulishwa? Kuna dalali, na analipwa na nani? Kama ushindani umefungwa, nani ameufunga, na ni mtu mwingine tofauti na yule anayenunua? Bei imelinganishwa na chombo gani cha aina hiyo? Na baada ya kufika, chombo kinatembea? Hakuna hata moja kati ya hayo linalomwambia adui chochote kuhusu mwendo wa askari wetu. Yangeulizwa Maputo mwaka 2013, hata ndani ya chumba kilichofungwa mbele ya wabunge watano walioapishwa, mikopo miwili ya mwisho ingekuwa na kazi ngumu kupita.

Mzazi wetu ameuliza pia kuhusu zaka ya boti ya uvuvi ambayo mwanawe anaimiliki kwa shirika na wenzake wawili. Hilo tumelipeleka kwa masheikh, na jibu lake tutaliweka hapa wiki ijayo, inshaallah.

Wallahu a'lam.